Aliyebaki peke yake anaishi pembeni ya Zoo

Siku ya posho iliyopita tulikuwa ku Naviundu, mu chumba kimoja cha video ambamo watoto wanalipa kidogo ili kuangalia filme. Ile siku walionyesha hadithi ya muntu mumoja: dunia imeisha, watu wote wamekufa, yeye tu amebaki, na pembeni yake ni nyama tu, wa pori na wa nyumba. Anajaribu kuanza tena. Anawasha moto, anajenga, analima, hata sheria anawaandikia wale nyama. Katikati ya hadithi umeme ukaenda, na tunajua namna inakuwaga: umeme ukienda, mabishano yanaanza.

Kijana mumoja akasema: "Ataweza. Akipata moto na mbegu ya mahindi, ataweza."

"Na maji?"

"Atakunywa ya mto."

Wote wakacheka, juu watu wa hapa wanaujua mto wao. Watafiti wamekwisha kupima maji na matope ya Naviundu, wakakuta mule shaba, kobalti na risasi. Kiisha mama mumoja anayeuzisha karanga ku mulango akauliza, bila hata kuinua kichwa: "Na atazaa na nani?"

Hakuna aliyejibu. Swali lile tulilibeba mpaka mujini, juu kule kuko fasi ambapo mambo haya si ya filme.

Pembeni ya Zoo ya Lubumbashi kuko kituo kinachoitwa J.A.C.K., ni kusema Jeunes Animaux Confisqués au Katanga. Franck na Roxane Chantereau walikianzisha mu 2006 ili kupokea sokwe wadogo walionyanganywa ku wachuuzi. Sokwe ni wale ambao wengi kwetu wanawaita chimpanzé, ao makako tu. (Tuliangalie lile neno makako: mukoloni alikuwa anatutukana nalo, na sisi tulimutupia nyama bila kuuliza.)

Kila sokwe wa pale ni yule muntu wa filme, lakini pande zimegeuzwa. Yeye njo aliyebaki. Nyama wanaomuzunguka ni sisi.

Mwisho wa dunia yake unakuja hivi. Sokwe si wa pori letu la miombo hapa karibu na mji. Makao yao ni misitu ya mbali, upande wa kaskazini. Muwindaji anatafuta nyama ya kula ao mutoto wa kuuzisha. Mutoto wa sokwe haachi tumbo la mama yake, analishika na mikono yote mbili. Kwa hiyo ili kumupata ni lazima mama auawe, na wakubwa wanaokuja kumutetea wanaweza kuanguka vilevile. Nyama inaenda soko, mutoto anafungwa mu kitunga na anashuka njia ya kusini. Lubumbashi ni mulango wa njia ile: mbele kuko Kasumbalesa, kiisha Zambia, kiisha Afrika ya Kusini. Ripoti moja ya Umoja wa Mataifa ya mwaka wa 2013 ilikadiria kwamba kati ya 2005 na 2011 biashara hii ilimaliza sokwe, gorila na jamaa zao zaidi ya 22 000, na wengi kati yao walikuwa sokwe.

Sasa yule anayefika ku kituo amebaki na nini? Sokwe ananyonya mpaka myaka mine ao mitano, na anabaki karibu na mama yake myaka mingine mingi. Ile myaka ni masomo: matunda gani inakuliwa, namna ya kukunja matawi kila jioni ili kufanya kitanda, namna ya kuingiza kijiti mu kichuguu na kutoa muchwa, namna ya kumusalimia mukubwa bila kupigwa. Hakuna anayezaliwa anajua. Anayenyanganywa mama ku mwaka mumoja, masomo yote imebaki kule pori, na mwalimu ameliwa.

Njo sababu kumupa chakula haitoshi. Mulezi anamubeba ku mwili, anamunyonyesha na chupa, juu mutoto wa sokwe anaweza kufa na upweke hata sahani ikijaa. Kiisha, pole pole, wanamuonyesha wenzake, wakiangaliana kwanza ku vyuma, mpaka siku mulango unafunguliwa. Hapo njo tunaona kama mugini utasimama. Kuko kupigana. Kuko dume anayetaka kuwa chef. Kuko jike anayemuchukua yatima asiye wake na kumutia mugongoni. Muntu hawezi kuwafundisha ile. Anaweza tu kuwaweka pamoja na kungojea.

Ngambo ya mupaka, upande wa Chingola, kuko kituo kingine, Chimfunshi. Kilianza mu 1983, wakati David na Sheila Siddle, waliokuwa wafugaji wa ng'ombe, walipoletewa sokwe mudogo mwenye vidonda, aliyetoka kwetu, Zaire ya wakati ule. Walimuita Pal. Wengine wakafuata. Mu 2010 jike mumoja wa Chimfunshi, jina lake Julie, akaanza kutia jani la nyasi mu sikio na kuliacha linaning'inia. Halimupi chakula, halifukuzi nzi, ni jani tu. Wenzake wa kundi lake wakaanza kumufuata, na Julie alipokufa wakaendelea. Watafiti waliandika habari ile mu 2014. Mutu wa Lubumbashi atashindwa kuelewa namna gani? Ile ni sape.

Lakini hata kidogo kile kinaweza kubomolewa. Usiku wa tarehe 9 mwezi wa 9, 2022, watu waliingia J.A.C.K. na kubeba watoto watatu: César, Hussein na Monga. Kiisha wakatuma video na kuomba pesa nyingi ili kuwarudisha. Wenye kituo walikataa, juu ukilipa leo, kesho watarudia. Wale watatu walikuwa wamekwisha kupoteza mama zao. Ile ilikuwa mara ya pili.

Tulirudi ku Naviundu na jibu la mama wa karanga, na halikumupendeza. J.A.C.K. iko mu PASA, umoja wa vituo vya Afrika ulioundwa mu 2000, na vituo vile vinawapa majike dawa ya kuzuia mimba. Sokwe anaweza kuishi zaidi ya myaka 50, uzio ni mudogo, na kila anayezaliwa mule anachukua fasi ya yatima anayengoja. Kuwarudisha pori nako ni kuwarudisha ku bunduki zile zile.

"Kumbe hawazae," mama akasema. "Basi ile si mugini. Ni kambi."

Hatukumubishia, lakini hatukukubali yote. Jamaa nyingi za mji huu zilianzia mu kambi ya Union Minière. Wageni waliotoka kila upande, hakuna aliyejua luga ya mwenzake, waliwekwa pamoja, na mule mulikomaa Kiswahili hiki tunachoandika. Tofauti ni kwamba tangu mwisho wa myaka ya 1920 kampani ilitaka wafanyakazi waoe na wazae.

Kabla ya kuondoka tulipita ku nganda moja ya pale karibu. Ku mulango kuko kima mudogo amefungwa kamba ku kiuno. Wateja wanamupa bia ili wacheke. Tulimuambia mwenye nganda kwamba sheria ya 2014 juu ya ulinzi wa pori na nyama inakataza vile.

"Papa, mimi nililipa shofele franka zangu," akatujibu. "Nani atanirudishia?"

Siku ya kwanza asubuhi tulipita tena. Kamba ilikuwa ingali pale, na kima alikaa juu ya kesi ya chupa, anaangalia barabara.