Pampu ya "Presha Kubwa" ya Mtaani: Piga Hesabu Kabla Hujaiposti



Juzi fundi mmoja wa hapa Chake Chake kaniletea pampu ya mkono aliyoichomelea mwenyewe, bomba lake milimita 20 kwa ndani. Kazi safi, rangi imekolea. Akasema, "Kaka, iweke statasi. Andika inajaza mpaka bunduki ya upepo. Tupige laki na nusu, tugawane."

Kidogo niiposti. Kisha nikashika kalkuleta ya simu.

Bar 1 ni takriban kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Bomba la milimita 20 lina eneo la sentimita za mraba 3.14. Tairi la baiskeli likitaka bar 4, yaani psi 60 hivi, mkono unasukuma kama kilo 13. Hata mwanafunzi anaweza.

Sasa bunduki ya upepo ya kujaza inataka kama bar 200, karibu psi 2,900. Zidisha tena: zaidi ya kilo 600! Nani Wete au Mkoani ana uzito huo? Ndo maana pampu za kiwandani za kazi hiyo hubana hewa kwa hatua, mara nyingi tatu, na pistoni ya mwisho ni nyembamba kama penseli. Kwa pistoni ya milimita 6 inabaki kama kilo 58, mtu mzima anailalia kwa uzito wake.

Kwa hiyo ile pampu haiwezi. Na anayelazimisha anacheza na hatari: hewa iliyobanwa ni kama springi, mchomeleo ukiachia vyuma vinaruka. Bomba la plastiki ndo usiguse kabisa, linapasuka vipande vipande. Ukipaka grisi ya gari ndani, hewa inayobanwa inapata moto mkali na mafuta yanaweza kuwaka.

Nikamrudia fundi na hesabu yangu. Alinuna, kisha akacheka. Tukaiuza kama pampu ya baiskeli na mipira, elfu 25. Hela tumekosa, ila mteja karudi kuagiza mbili.

Shika haya manne:

1. Andika namba, sio sifa. "Presha kubwa" haina maana. "Inafika psi 60" ina maana.
2. Ijaribu kwa geji, urekodi video. Usiandike namba ambayo hujaiona.
3. Mteja akitaka ya bunduki ya upepo, usimpe ya mtaani. Mwambie anunue ya kiwandani, na aulize polisi kwanza taratibu za kumiliki.
4. Uza na washa za ngozi pamoja na mafuta yake. Hewa yetu ya bahari inatia kutu haraka, mteja atarudi kwako.

Njia ya mwongo ni fupi, na mtandaoni ni fupi zaidi. Mtumie mwenzako anayeuza vifaa.

Je, wewe ulishawahi kukataa mzigo wenye faida? Ilikuaje?