Taarikhi ya Pepo Katika Ardhi ya Wapishi wa Tambi

Mtu wa pwani yetu anayefika Xiaobei, mtaa ule wa Guangzhou ambao wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Mombasa huujua kwa maduka yake ya jumla na jengo la Tianxiu, hakosi kuingia katika mojawapo ya migahawa ya halali ya Waislamu wa Kihui, akamtazama mpishi anavyolivuta donge la unga, akalikunja, akalivuta tena, hata likawa nyuzi nyembamba za kutiwa katika mchuzi wa nyama ya ng'ombe. Wengi wa wapishi hao wamehamia kusini kutoka Gansu na Qinghai, na ardhi ya kwao ina habari ambayo sisi, kuliko wageni wengine wa mtaa huo, tuna haki ya kuijua.

Kule Lanzhou, mkoani Gansu, vumbi la manjano lililoletwa na upepo, ambalo wataalamu huliita lesi, limelundikana hata likapita kina cha mita 300. Kila dunia ilipopoa na kukauka, pepo kali za Siberia zilichota vumbi la majangwa kama Gobi na kulimwaga hapo. Na kila joto liliporejea, pepo za kusini ziliingia na mvua ya baharini, majani yakaota, minyoo ikafukua, na uso wa vumbi lile ukageuka udongo wa hudhurungi wenye rutuba, mpaka ubaridi uliofuata ukaja kuufukia. Manahodha wetu wa zamani, walioishi kwa zamu ya kusi na kaskazi, wangeielewa habari hii bila ya mwalimu.

Ama umri wa tabaka hizo ulijulikana kwa sumaku. Vumbi linapotua, chembe zake za chuma hufuata mwelekeo wa sumaku ya dunia, nayo imepata kupinduka mara nyingi, mara ya mwisho ikiwa miaka 780,000 hivi iliyopita. Mwaka 1982 Friedrich Heller na Liu Tungsheng walitangaza vipimo vya Luochuan, mkoani Shaanxi, vilivyoonyesha kwamba vumbi lile lilianza kutua zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Leo hesabu imefika milioni 2.6. Na ndani ya zama ndefu za kupinduka kipo kipindi kifupi, baina ya miaka milioni 1.95 na milioni 1.78 iliyopita, ambapo sumaku ilielekea kama leo: kipindi hicho huitwa Olduvai duniani kote, kwa sababu ya mawe ya volkano ya bonde letu la Olduvai nchini Tanzania, ambayo Grommé na Hay walichapisha vipimo vyake mwaka 1963. Mwanafunzi wa Kichina anayehesabu umri wa ardhi ya Gansu hana budi kulitaja jina la mahali pa Wamasai.

Kwa tabaka changa hutumika nuru. Chembe za kwatzi zilizofukiwa hujikusanyia nguvu kutokana na miale ya asili ya ardhini, na zikipigwa na jua nguvu hiyo hutoka. Kwa hiyo mpimaji hupigilia mrija wa chuma katika ukuta wa genge, akauziba pande zote mbili, akaufungua katika chumba chenye taa hafifu nyekundu tu, kisha akaziangaza chembe na kuupima mng'ao wake, akajua zimefukiwa tangu lini.

Nawasihi wakuu wa vyuo vyetu: katika vijana mnaowapeleka China kusomea udaktari na uhandisi, watengeni wachache waende Xi'an, penye mabingwa wa elimu hii, wakajifunze kuusoma udongo. Masika na vuli zinazowababaisha wakulima wetu leo zina taarikhi yake, na sehemu yake imefukiwa Olduvai, ikingoja wasomaji wa kwetu.