MTAMBO WA KURUSHA MPIRA WATAKA VIPIMO

Kijana wa Lwakhakha, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, aendaye kusoma ufundi Bungoma au Kitale, huenda siku moja akaagizwa kuunda mtambo wa kurusha mpira bila baruti wala injini. Wengi hudhani kwamba kazi hiyo yataka nguvu nyingi. Sivyo, yataka vipimo.

Mtambo ulio rahisi ni ule wa uzani. Husimamishwa nguzo mbili imara zenye kimo cha sentimita 90, na kati yake hupitishwa chuma cha mviringo kilichopakwa grisi. Juu ya chuma hicho huwekwa mti mnyofu, mfano wa mizani: upande mmoja sentimita 30, wa pili sentimita 120. Upande mfupi hutundikwa mfuko wa mchanga wa kilo 10. Upande mrefu hufungwa kombeo lenye mpira wa gramu 100. Mfuko ukianguka, ncha ndefu huenda kwa kasi mara nne kuliko ile fupi, na kombeo huizidisha kasi hiyo.

Hesabu yake ni hii. Kilo 10 zikianguka nusu mita hutoa nguvu iwezayo kuinua gramu 100 hadi mita 50. Ikiwa nusu yake itapotea kwa msuguano na mtikisiko, mpira ungepanda mita 25. Ukirushwa kwa mshazari wa nyuzi 45, utafika mbali mara mbili ya kimo hicho, yaani karibu mita 50, upepo usipouzuia.

Siri iko katika kuachia. Ncha moja ya kombeo hufungwa kabisa. Ya pili ina pete iliyovikwa msumari kwenye ncha ya mti. Pete ikichomoka mapema, mpira huruka juu, pengine hata nyuma. Ikichelewa, hupiga chini. Kwa hiyo mtu asisimame mbele wala nyuma ya mtambo, na kifungo kivutwe kwa kamba ndefu kutoka ubavuni.

Katika kujaribu, libadilishwe jambo moja tu kila mara: uzani, au urefu wa kombeo, au mpindo wa msumari. Mpira urushwe mara tano, na kila umbali uandikwe.

Maarifa haya si ya mchezo tu. Mwaka 2016, huko Muhanga nchini Rwanda, ndege ndogo zisizo na rubani zilianza kurushwa kwa mtambo ili kupeleka damu hospitalini. Huko nako, vipimo ndivyo vilivyotangulia safari.