Waliotuchekesha, Haki Yao Ilikwenda Wapi?

Kutoka Tanga na Mombasa hadi huku bara kwetu Kiandutu, Thika, ni wachache wasiomjua marehemu Amri Athumani, maarufu King Majuto. Akitokea tu kwenye runinga, wakubwa kwa wadogo huangua kicheko. Mzee huyu wa Tanga aliigiza kwa miongo kadhaa, na sura yake ikatumika kunadi bidhaa za watu.

Mwaka 2018 maradhi yalipomzidi, yaliyofichika yakadhihiri. Mtu aliyejulikana Afrika Mashariki nzima alihitaji michango ili atibiwe. Alipelekwa India, akarejea, na tarehe 8 Agosti akafariki dunia katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Mwenyezi Mungu amrehemu. Alipokuwa mgonjwa, Waziri Harrison Mwakyembe aliagiza mikataba aliyotia saini ichunguzwe, kwani chumo lake halikulingana na jasho lake.

Msiba huu hata Hollywood umepita. Jackie Coogan, mtoto aliyeng'ara mwaka 1921 katika filamu ya Charlie Chaplin, alichuma mamilioni ya dola. Alipobaleghe na kuwa mtu mzima, akakuta mali imetumiwa na mama yake na baba wa kambo. Aliwashitaki mwaka 1938, akaambulia takriban dola 126,000. Mwaka 1939 jimbo la California likapitisha sheria ya kuhifadhi sehemu ya pato la mtoto msanii.

Enyi kina mama, leo watoto wetu wenye sauti nzuri za kaswida huitwa studio, na vijana wenye vichekesho hurekodiwa matangazo. Furaha ya kuonekana isitupumbaze. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Basi mkataba usomwe kwa lugha mnayoifahamu kabla ya saini. Ulizeni: kazi hii itatumika muda gani? Ikirudiwa, italipiwa nini? Nakala ibaki nyumbani, na awepo mtu mzima mwaminifu wa kushuhudia.

Nasi wazazi tujihadhari. Pato la mtoto ni amana yake; lisiishie kwenye makochi na mapazia yetu, kisha akikua tukamkabidhi picha zake za zamani tu.