Kabla ya kuuza mrashi wa bibi, tazama kitako chake

Mwenye nyumba akishazikwa na arubaini ikapita, kabati hufunguliwa. Nyuma ya sahani na vikombe hutoka mrashi wa kioo, mwekundu au wa buluu, shingo ndefu, nakshi za dhahabu. Ndio uliowanyunyizia wageni marashi kwenye harusi za ukoo mzima. Kisha mnunuzi wa vitu vya kale hupiga hodi, hutaja bei, na warithi hukubali kwa sababu hawajui walicho nacho.

Kujua si kazi ngumu. Anza na kitako. Kioo kilichopulizwa kwa mdomo hushikiliwa kwa ufito wa chuma, na kikikatwa hubakisha kovu, la kukwaruza au lililosuguliwa likawa kishimo laini. Kovu hilo lathibitisha kazi ya mkono, si umri, kwani mafundi wa namna hiyo wapo hadi leo. Umri utafute kwenye mikwaruzo. Chombo kilichokaa rafuni miaka mingi huwa na mikwaruzo midogo ya kila upande, pale tu kinapogusa ubao. Ikiwa yote imeelekea upande mmoja, shuku msasa.

Pili, tazama rangi pale nakshi ilipochongwa. Mafundi wa Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, walisifika karne ya 19 kwa kuvika kioo tabaka la rangi nyingine kisha kulichonga hadi kioo cha ndani kikaonekana. Bidhaa zao ziliuzwa Uturuki, Uajemi na Bara Hindi. Majahazi yalituunganisha na masoko ya Ghuba na Bara Hindi, kwa hivyo si ajabu kuzikuta huku kwetu.

Tatu, tafuta maandishi. Ukiona jina "Czechoslovakia", jua chombo hakikutengenezwa kabla ya 1918, mwaka nchi hiyo ilipoundwa. Lakini vingi vya zamani havina alama yoyote, na hilo pekee halivifanyi kuwa bandia.

Usiusugue kwa steelwool ili ung'ae, maana dhahabu itatoka na hairudi. Maji ya vuguvugu na kitambaa laini vyatosha.

Kuna na sheria. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 yahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nje ya nchi kwahitaji kibali. Kwa hivyo, kabla ya kupokea pesa, wapelekee picha wataalamu wa makavazi, Fort Jesus au Lamu.

Na leo hii muulize shangazi mrashi ulitoka wapi na uliingia nyumbani kwa harusi ya nani. Yaandike. Kitako hakitakwambia hayo, na shangazi naye hatakuwepo milele.