Sakafu Njema Huanzia Chini: Vijiwe na Epoksi Majumbani Mwetu



Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, tangu Pumwani na Eastleigh hadi Buruburu, Umoja na Donholm, ziko familia zinazotamani kuondoa saruji iliyochakaa na kuweka sakafu ya vijiwe na epoksi. Hivi ni vijiwe vidogo vya mtoni, au chembe za marumaru, vinavyochanganywa na gundi ya majimaji yenye sehemu mbili, kisha hutandazwa kwa mwiko juu ya saruji mpaka vikashikamana mithili ya jiwe moja. Sakafu hiyo yapendeza machoni, na haina mistari ya maungio kama vigae. Akina mama wametuuliza mambo mawili: Je, yafaa kwa nyumba zetu? Na hali yake katika tahara ikoje? Tumeona tuyajibu pamoja, kwani msingi wa majibu yote mawili ni mmoja: sakafu hupimwa kwa yaliyo chini yake kabla ya kupimwa kwa mng'aro wake.

Wazee wetu na sakafu

Kutengeneza sakafu kwa mawe madogo na kitu cha kuyashikanisha si jambo geni kwetu. Katika majumba ya mawe ya Lamu, Mombasa na Unguja, wazee walipanga boriti za mikoko, wakatandaza mawe ya matumbawe, kisha wakamimina chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Chokaa hiyo ilipondwa kwa vipande vya miti mpaka ikashikana, na kazi haikuharakishwa. Watu wa pwani walipokaa Pumwani katika miaka ya 1920, walijenga Majengo kwa ramani ya nyumba ya Kiswahili, vyumba vikitazamana kwenye ukumbi mmoja mrefu. Baadaye zikaja sakafu za saruji nyekundu, na terazo ya chembe za marumaru iliyosuguliwa. Epoksi ni ndugu mdogo wa terazo. Kilichobadilika ni gundi, ila haja ya subira ni ile ile.

Juu pakavu, chini maji

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume, sala na amani zimshukie, alipita sokoni penye rundo la nafaka. Alitia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba nafaka ilinyeshewa. Mtume akamwuliza mbona hakuiweka ile yenye maji juu ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hana sehemu katika njia yake.

Kisa hiki chafaa kukumbukwa na kila anayeweka sakafu Eastlands. Sehemu kubwa ya ardhi ya upande huo wa jiji ni udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba unyeshewapo na kupasuka ukaukapo. Katika nyumba za chini, unyevu hupanda kupitia saruji hata kama uso wake waonekana mkavu. Epoksi haipitishi mvuke. Unyevu ukikosa pa kutokea huisukuma gundi kutoka chini, na masika ya Machi hadi Mei yakishapita, sakafu hutokeza malengelenge na kubanduka kama ganda. Hapo ndipo fundi na mwenye nyumba hugombana, na mara nyingi twaitwa kusuluhisha wakati fedha zimekwisha kwenda.

Kipimo chake ni rahisi, na mama wa nyumba aweza kukifanya mwenyewe. Chukua kipande cha nailoni angavu, upana wake nusu mita kila upande. Kibandike juu ya saruji iliyo tupu kwa utepe wa gundi pande zote nne, pasibaki upenyo. Kiache siku nzima, usiku na mchana. Ukifunua ukakuta matone ya maji, au saruji imegeuka rangi na kuwa nyeusi zaidi, basi unyevu upo, na kazi isianze mpaka chanzo chake kitibiwe. Rudia kipimo katika vyumba mbalimbali, hasa karibu na choo na ukuta wa nje. Saruji mpya nayo ingojewe siku 28 kwa uchache. Ikiwa kuna vigae vya zamani, vigongwe kimoja kimoja, na kinachotoa sauti ya uwazi king'olewe.

Tahara ya sakafu

Sakafu ya vijiwe, kwa asili yake, ina vijitundu kati ya jiwe na jiwe. Nje ya nyumba hiyo ni faida, maana maji ya mvua hupenya na kwenda zake. Ndani ya nyumba ni mtihani. Mkojo wa mtoto, maji ya choo yaliyofurika, au damu ya kuku jikoni huingia humo na kukaa pasipoonekana.

Wengi wetu twaijua hadithi ya bedui aliyekojoa msikitini Madina, Mtume akawazuia Masahaba wasimkaripie, kisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Lakini msikiti ule ulikuwa na sakafu ya ardhi, nayo ardhi hunywa maji. Sakafu ya ghorofa ya tatu hainywi. Maji yanayopenya kwenye vijiwe hukwama juu ya zege, au hutafuta ufa na kudondokea dari ya jirani wa chini, na haki ya jirani twaijua.

Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu twayafuata, najisi haitahiriki kwa kupanguswa tu kwa kitambaa chenye unyevu, hata kama sakafu yang'aa kama kioo. Huondolewa kwanza ile dhati ya najisi, kisha maji hupitishwa juu ya mahali pale. Mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili, ambaye chakula chake ni maziwa tu, umefanyiwa wepesi: hunyunyiziwa maji mpaka yakapaenea mahali pote. Wa mtoto wa kike huoshwa.

Kwa hiyo mambo matatu yasiachwe. La kwanza, vijiwe vya ndani vifunikwe kwa tabaka la juu la gundi mpaka vijitundu vyote vizibwe. La pili, bafuni, jikoni na penye kutawadhia sakafu iinamishwe kidogo kuelekea tundu la maji. La tatu, tabaka la mwisho lisiwe la utelezi. Mzee atokaye kutawadha na miguu yenye maji aweza kuvunjika nyonga. Mwambie fundi anyunyize mchanga laini juu ya tabaka hilo kabla halijakauka.

Siku ya kazi

Uso wa saruji usagwe kwa mashine na vumbi lote lifyonzwe, kwani gundi haishiki juu ya vumbi wala mafuta. Sehemu mbili za epoksi zipimwe sawasawa na maelezo ya kopo, si kwa kukisia kwa jicho. Kipimo kikikosewa, sakafu hubaki ikinata. Zisichanganywe nyingi kwa mara moja, maana hupata joto na kuganda ndani ya ndoo. Katika baridi ya Julai gundi hukawia kukauka, basi muda uongezwe.

Gundi mbichi hudhuru ngozi na kifua. Fundi avae glavu na barakoa, madirisha yafunguliwe. Wajawazito, watoto na wenye pumu walale kwa jamaa mpaka harufu iishe. Kwa kawaida hukanyagwa kwa uangalifu baada ya siku moja, lakini makabati yangoje yapata siku saba. Kumbukeni pia kwamba sakafu itapanda kwa sentimita moja hivi, na milango itahitaji kukatwa chini.

Ikishakauka, jihadharini na moto. Epoksi hulainika kwa joto, basi jiko la makaa na chetezo cha udi visiwekwe juu yake bila kibao au sinia yenye miguu. Penye jua kali dirishani, rangi yake huelekea umanjano.

Maandishi kabla ya arubuni

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo katika Suratul Baqara, yahusu kuandika deni. Tusione haya basi kuandikiana na fundi, hata akiwa mpwa wetu. Yaandikwe: ukubwa wa vyumba, aina ya gundi na vijiwe, idadi ya matabaka, matokeo ya kipimo cha unyevu, kiasi cha arubuni, na nani atarekebisha sakafu ikibanduka. Fundi aliyeona unyevu akanyamaza ameghushi. Mwenye nyumba aliyeambiwa akashikilia kuendelea asimlaumu fundi. Mpangaji naye apate idhini ya maandishi kwa mwenye nyumba kabla ya kugusa chochote, kwani akihama hataibeba sakafu.

Na ikiwa fedha hazitoshi, saruji iliyolainishwa vizuri na kuoshwa vizuri ni sakafu ya heshima, na sala juu yake ni sahihi. Mkopo wa riba kwa ajili ya mng'aro ni unyevu mwingine wa chini, nao hubandua mengi zaidi ya gundi.

Mwenyezi Mungu atubarikie nyumba zetu, azijaalie kuwa mahali pa utulivu na ibada. Wabillahi tawfiq.