Maarifa ya Jumla na Ardhi ya Wanyamapori (Sehemu ya Pili): Anzia Kilimambogo

Mtahiniwa wa Kithyoko anayejiandaa kwa mtihani wa maarifa ya jumla huanza na orodha: Tsavo, Nakuru, Amboseli, Maasai Mara. Huikariri usiku kucha, kisha swali likigeuzwa kidogo tu, orodha nzima humponyoka. Majina hayo tuliyapitia katika sehemu ya kwanza. Leo nashikilia kwamba jina lingefaa kujifunzwa mwisho, baada ya kujua ardhi hiyo imetengwa kwa hadhi gani kisheria na nani anaisimamia.

Ushahidi uko karibu. Ukishika barabara ya Garissa kuelekea Thika, ukishapita Matuu, upande wa kushoto unainuka Ol Donyo Sabuk, mlima wa mita 2,145 ambao wengi wetu tunauita Kilimambogo, na mbogo wenyewe bado wamo msituni humo. Huo ni mbuga ya kitaifa tangu 1967, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kaskazini, ng'ambo ya maji ya mabwawa ya Tana, iko Mwea, iliyotengwa mwaka 1976. Hiyo si mbuga bali ni hifadhi ya kitaifa, na kaunti ya Embu ina sauti katika usimamizi wake. Tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi baharini. Malindi na Watamu, tangu 1968, kuna eneo la mbuga ambamo uvuvi ni marufuku kabisa, na pembeni yake hifadhi ambamo mvuvi wa nyenzo za asili anaruhusiwa kutega riziki yake. Maji ni yale yale, samaki ni wale wale. Kinachobadilika ni sheria. Ukishalishika hilo, Maasai Mara iliyo chini ya kaunti ya Narok, pamoja na Samburu na Shaba, zinajipanga zenyewe upande wa hifadhi.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili cha kila siku huziita zote mbuga. Ni kweli, na sokoni hakuna ubaya. Lakini mtahini akiuliza ipi kati ya Nairobi, Tsavo Mashariki na Maasai Mara si mbuga ya kitaifa, mazoea hayo ndiyo yatakayokuangusha. Pingamizi zito zaidi ni la muda: mtihani u karibu, na kukariri ni haraka. Lakini hadhi yenyewe haikai mahali pamoja. Amboseli ilikabidhiwa baraza la Kajiado mwaka 1961, ikafanywa mbuga ya kitaifa 1974, na mwaka 2005 serikali ikatangaza kuirudisha kuwa hifadhi, hatua iliyozua kesi mahakamani. Katika miaka yote hiyo jina lake halikubadilika hata herufi moja.